Namba Tisa Hapewi Mpira

Jumamosi, 26 Aprili

Bila kwa bila. Tena.

Nilifunika cherehani mapema, nikabeba chupa ya chai na maandazi, tukateremka na Mama Espoir hadi uwanja wa chuo kama kawaida yetu. Yeye na mikate yake ya Kikongo, mimi na maandazi yangu ya Tanga. Kona yetu ilijaa. Wakongo, Watanzania, Warundi wawili watatu, na Kombo na ngoma yake. Kombo anauza kandambili mjini, karibu na stendi ya teksi. Mzanzibari. Mdomo wake ungekuwa mguu, tungekuwa mabingwa.

Mwanangu Idi ndiye namba tisa. Espoir, mwana wa shoga yangu, ni winga wa kulia. Wamekua pamoja, wamecheza pamoja tangu mpira wa makaratasi, na bado timu haifungi. Safu butu, anasema Kombo. Butu kama kisu cha kupakia siagi.

Kelele za mashabiki hazinitishi. Kinachonitisha ni kwamba Idi anasoma pale kwa ufadhili wa mpira. Muhula ukiisha mwezi wa sita, kocha anapitia majina, na asiyefaa anaachwa. Mshambuliaji asiyefunga anafaa nini? Mimi sina uwezo wa kumlipia. Akiachwa atarudi kukaa na mimi humu mtaa wa Doornfontein kati ya vitambaa, shahada atabaki kuisikia kwa wenzake.

Nimeshona mkono wa gauni ndani nje. Nimefumua wote.

Jumatatu, 28 Aprili

Leo kila mtu kocha. Kombo anataka washambuliaji wawili mbele. Mrundi wa ghorofa ya pili anasema tatizo ni viungo, hawana macho. Mama Espoir alikuwa anamsuka mteja mlangoni kwangu, kwa sababu saluni kwake taa imekufa, akasema tatizo ni nyasi. Nyasi! Nilicheka hadi sindano ikanichoma.

Mchana wamekuja wanachuo wawili kupunguziwa suruali. Wakaanza na wao. Mmoja akasema namba tisa ni mlingoti wa bendera, umesimama tu unangoja upepo. Sikumwambia mimi ni nani. Suruali yake nimeikata ikawa fupi. Makusudi.

Jumamosi, 3 Mei

Tumefungwa moja. Ila si hilo linaloniwasha.

Dakika za mwisho Espoir alimtoka beki, akafika hadi mstari wa goli. Idi yuko katikati peke yake, mikono juu, anaita. Hata mimi ningefunga, na baibui langu hili. Espoir akainua kichwa. Akamwona. Nimeona alivyomwona. Halafu akageuka, akaurudisha mpira nyuma kwa kiungo aliyekwishachoka zamani.

Kona nzima ilishika vichwa. Kombo akatupa fimbo ya ngoma. Mama Espoir akasema, "Ni upepo, Mama Idi. Upepo iko mingi leo."

Hakukuwa na upepo. Moshi wa mchoma nyama wa getini ulikuwa unapanda wima.

Jumanne, 6 Mei

Maji yamekatika jengo zima. Nimepandisha ndoo mbili kutoka uani, mgongo unauma.

Kombo alileta begi nimtilie zipu. Akainama, akanong'ona kama mtu anayeuza bangi. Anasema Espoir hampi Idi mpira, na si bahati mbaya. Anasema akiupata anampa yeyote, hata refa angempa, lakini si Idi. Nitazame vizuri, nitaona.

Nimemfukuza. Nimemwambia hajui tulikotoka. Mwaka ule sisi wageni tulipofukuzwa mtaa wa Alex, mimi na Mama Espoir tulilala godoro moja kwenye ukumbi wa kanisa, watoto katikati wakigombea blanketi. Mimi nilikuwa nimeshaachika. Mume wake alikuwa bado Bukavu, na hajaja hadi leo. Alikuwa na vitenge viwili tu, akanipa kimoja nijifunike. Mtu wa hivyo mwanawe amnyime wangu mpira? Kwa lipi?

Kombo kaondoka na begi lake bila zipu. Fitina tu.

Jumamosi, 10 Mei

Mechi ya ugenini, Pretoria. Hatukwenda. Tumefungwa mbili. Idi katolewa hata mapumziko hayajafika.

Nimempigia. "Sharp, Ma. Sharp." Ndiyo salama ya vijana wa huku. Akakata. Sauti ile naijua. Ndiyo aliyokuwa nayo alipovunjika mkono darasa la tano akanificha hadi jioni.

Jumatano, 14 Mei

Sijui nianzie wapi.

Alikuja mama mmoja Mkongo kupimwa gauni la kwaya. Simjui, aliletwa na sifa za kazi yangu. Anasali kanisa la Mama Espoir, lile la mjini lililokuwa duka la fanicha. Nilikuwa nimepiga magoti, pini mdomoni, naweka upindo. Yeye anaongea tu. Ukutani nimebandika picha ya timu, akaiona.

"Ah! Hii ni équipe ya Espoir, mtoto wa dada yetu! Tunamuombeaka sana. Ule wa namba tisa anamukula nyota."

Pini zilinisaidia. Nikaziuma, nikaendelea na upindo. Akaendelea mwenyewe, kwa furaha kabisa, kama anayesimulia harusi.

Kwamba Mama Espoir alitoa ushuhuda mbele ya kanisa zima. Kwamba alikuwa anapiga pasi bukta ya mtoto, harufu mbaya ikatoka kiunoni. Akafumua, akakuta kifurushi cheusi. Akampelekea pasta. Pasta akasema hiyo ni kamba: nyota ya Espoir inavutwa kupitia hapo kwenda kwa namba tisa, na kila mpira anaompa ni kipande cha nyota yake anachokigawa. Asimpe tena. Hata mmoja.

"Na mama ya ule namba tisa ni fundi, Mutanzania," akasema. "Iko na madawa ya kwabo." Halafu akageukia kioo, akaniuliza upindo umenyooka? Nikamwambia umenyooka.

Kifurushi ni changu. Nikidanganya humu nitasema kweli wapi? Nguo za timu zilikuja kubwa mwanzo wa msimu. Nikapunguza bukta za wote wawili, na kwenye kiuno cha kila moja nikashonea mvuje na habasoda ndani ya kitambaa cheusi. Kwetu Tanga mtoto gani hajavishwa mvuje? Unanuka, ndiyo, na ndiyo kazi yake, husuda ikae mbali. Sikumwambia Mama Espoir kwa sababu ni mlokole, angekataa. Na mimi sikutaka wangu akingwe, wake abaki mtupu. Nilichomtilia mwanawe ndicho nilichomtilia wa tumbo langu.

Angeniuliza! Mlango wake unatazamana na wangu. Angegonga, akanitupia kile kitambaa usoni, akasema Mama Idi hiki nini. Ningemweleza, angenitukana, tungenuniana wiki, yakaisha. Badala yake kanipeleka madhabahuni.

Na muda wote huo anakaa na mimi kwenye kona, anakula maandazi yangu. Anasema nyasi. Anasema upepo.

Alhamisi, 15 Mei

Mama Espoir kanisalimu kwenye ngazi. Nimeitikia. Hata nimetabasamu. Najichukia.

Ijumaa, 16 Mei

Nimengoja mteja wake wa mwisho atoke, nikaingia saluni, nikasema yote nikiwa nimesimama.

Hakukana. Ndicho kilichonimaliza. Nilikwenda na nusu ya moyo ikiomba akane.

Akakaa kwenye kiti cha wateja, chanuo bado mkononi. "Mama Idi, miye minaogopa. Niko na mutoto mumoja." Nikamwambia na mimi ninaye mmoja. Akalia. Akasema kule kwao kaka yake alikufa, akiwa mzima kabisa jana yake, na chini ya kitanda chake kulikutwa kifurushi cheusi hivyo hivyo. Alipoinusa ile harufu alimwona kaka yake. Akasema kanisani hakutaja jina langu. Kweli, hakulitaja. Alisema tu fundi Mtanzania mama wa namba tisa. Kwani tuko wangapi?

Nilimhurumia kwa kitambo. Halafu nikamkumbuka Idi kasimama mbele ya goli, mikono juu.

Nikamwambia nataka neno moja tu. Kesho Espoir ampe mwenzake mpira. Basi, yaishe, na mvuje wangu sitaushona tena kwenye nguo ya mtu.

Akafuta macho. Akafikiri. Akasema, "Nitauliza pasta."

Shoga yangu huyo.

Jumamosi, 17 Mei

Idi benchi, dakika zote.

Sikukaa kwenye kona. Nimekaa upande wa wageni, chai yangu mwenyewe, sina hamu nayo. Kule ng'ambo watu wetu wakaanza kuimba waletewe namba tisa mpya, huyu akapeperushe bendera. Kwa Kiswahili. Timu nzima haisikii Kiswahili isipokuwa watoto wawili, na mmoja ndiye anayeimbwa. Watu niliowashonea skafu zile wanazopepea, bure, kitambaa changu. Sauti ya Mama Espoir sikuisikia kati yao. Sijui kama hilo ni afadhali.

Kombo kaacha ngoma akanifuata. Nikamweleza yote. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako. Akanywa chai yangu, akavuta midomo.

"Na nguoni mwa mtoto wa mlokole wewe ulitia nini?"

Nilitaka kummwagia chupa nzima. Ana mdomo, nimeshaandika. Lakini msimu wote huu yeye ndiye aliyenieleza kweli, na yeye ndiye niliyemfukuza. Nikamwambia alete begi Jumatatu.

Jumapili, 18 Mei

Idi kaja kula. Nimempikia wali wa nazi na samaki. Nikangoja ashibe, ndipo nikamwambia.

Alijua.

Alijua tangu mwanzo wa msimu. Espoir alimwambia mwenyewe ndani ya basi la timu, akilia, kwamba mama yake kamwapisha kwa Biblia. Idi akamwambia sawa. Akavumilia kuitwa mlingoti na chuo kizima. Akaendelea kukimbia, kuinua mikono na kuita, ili kocha na watu waone anacheza.

Nikamuuliza sawa ya nini? Kwa nini hukuniambia mimi mama yako? Akatazama sahani. Akasema ningejua ningegombana na Mama Espoir, na mimi sina rafiki mwingine.

Alisema kwa Kiingereza, kama anavyonijibu siku zote. Kiingereza changu kinatosha kuumia.

Basi wote walijua. Mama, mwana, pasta, kwaya, mwanangu mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nasimama juu ya benchi napiga vigelegele na kubishania washambuliaji wawili au mmoja. Nina hasira na Idi kuliko wote. Na huku nimemfungia samaki wa kwenda nao hosteli.

Jumanne, 20 Mei

Nimekwenda kwa kocha. Nimevaa baibui langu la sikukuu, nikanyoosha mtandio. Njia nzima napanga maneno. Nilitaka kusema: winga wako anamnyima mwenzake kwa amri ya kanisa. Sentensi moja. Espoir angetolewa kwenye timu, na ufadhili wake nao. Tuone basi nani anamla nani nyota.

Kocha mtu mstaarabu. Kanipa kiti, kaniita Ma. Kabla sijafungua mdomo akasema amefurahi nimekuja, kwa sababu Idi alimjia jana kuomba ajaribiwe beki ya kulia, aliyekuwepo kaumia goti. Akasema mtoto ana mbio, ana pumzi, wanamjaribu. Akifaa huko, jina lake litabaki. Asipofaa, ndio basi.

Sentensi yangu ilikuwa kwenye ulimi. Nilikuwa na haki nayo.

Nikasema asante, kocha.

Nimelia hadi kwenye robot, taa za barabarani, magari yamesimama, watu wananitazama. Sikunyamaza kwa wema. Nimeona tu mtoto kaniwahi, kaniziba mdomo kabla sijaufungua. Beki ya kulia iko nyuma ya winga wa kulia. Kati ya nafasi zote za uwanjani, kaenda kusimama nyuma ya Espoir.

Alhamisi, 22 Mei

Espoir kaja mlangoni. Kasimama, kofia mkononi, mrefu kama mlango wenyewe. "Shikamoo, Mama."

Mimi ndiye niliyemfundisha shikamoo, akiwa hajui hata kufunga viatu. Nikaendelea kukanyaga cherehani. Alisimama kidogo, akaondoka.

Baadaye nikaona haya. Mtoto kaapishwa na mamake, angefanyaje? Lakini marahaba haikutoka. Niliitafuta, haikutoka.

Jumamosi, 24 Mei

Idi kacheza beki. Sare, moja moja. Goli letu kafunga yule kiungo mchovu kwa kichwa, mpira wa kona. Kombo anasema sasa safu inaanza kuamka. Kombo na safu zake.

Idi hakukosea. Ila hakupanda mbele sana. Yeye na Espoir walikuwa wanapishana upande ule ule kama wapangaji waliogombania bafu. Mama Espoir kabaki na kona, mimi upande wa wageni. Wageni wa leo hawanijui, wamenikaribisha karanga.

Saluni kwake wiki hii sijapita. Yeye kapita kwangu, kasimama, kakohoa. Nikawasha redio.

Jumamosi, 31 Mei

Mechi ya mwisho kabla ya mitihani. Baridi. Jua lipo, halisaidii.

Nimekaa pale pale upande wa wageni. Kipindi cha pili, bado bila bila, Idi akamnyang'anya mtu mpira karibu na mstari wetu akaondoka nao. Sijamwona akikimbia vile tangu mtoto. Akampita mmoja. Akampita wa pili. Espoir alikuwa ameingia ndani, kati ya mabeki wao, hana mtu. Hakuinua mkono. Hakuita. Angewezaje kuita?

Idi akainua kichwa, akamwona. Akampa. Pasi ya chini, safi, mguuni kabisa.

Espoir akafunga.

Kona yetu ilipasuka. Ngoma, vifijo, skafu zangu zote hewani. Mama Espoir akaruka, akageuka upande wa kulia mikono wazi, anikumbatie, maana kulia ndipo ninapokaaga. Hapakuwa na mtu. Mikono ikabaki hivyo. Halafu akaishusha, akajifunga kitenge vizuri, akakaa. Niliona yote kutoka ng'ambo. Sikucheka. Nilidhani ningecheka.

Nikapiga makofi, ya pasi. Mama mmoja wa wageni akaniangalia vibaya, nikamrudishia karanga alizonipa.

Baada ya filimbi kocha alimshika Idi bega, wakaongea wakitembea. Jioni Idi kaniambia jina lake linabaki. La Espoir pia. Alhamdulillahi. Nimesema kwa la Idi, na la Espoir nikaliacha lipite nalo humo humo.

Akala. Nikamtazama, nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza kwa nini umempa.

Akanishangaa, kama nimeuliza jambo la kitoto.

"Alikuwa peke yake, Ma."

Akaomba pilipili. Nikamsogezea.

Ng'ambo ya korido mlango wa Mama Espoir ulikuwa wazi, naye yumo, ameketi anachambua nywele za kusukia, hatazami huku. Nikainuka nikafunga mlango wangu, taratibu, usipige kelele.